"Ni Majani Tu": Kauli Inayowaponza Wenye Maumivu

Muuza unga wa mlonge huisema kabla hajaulizwa. Muuza mafuta ya habbatsoda huirudia. Mwenye makopo ya vidonge vya "kusafisha damu" huikuta imekwisha chapishwa ubavuni mwa kopo. Kuanzia masoko ya Gitega hadi vibanda vya Muyinga, nchini Burundi, na kuvuka mpaka wa Kobero hadi Kabanga upande wa Tanzania, kauli ni ile ile: ni majani tu, hayana kemikali, hayana madhara. Mnunuzi huibeba pamoja na mzigo wake, na akifika nyumbani huikabidhi kwa mgonjwa.

Mgonjwa huyo huenda alitoka hospitali jana, na mfukoni ana tramadol.

Lisemwe bila kuzungushwa: kitu chenye nguvu ya kumsaidia mgonjwa kina nguvu pia ya kugongana na dawa nyingine mwilini mwake. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni, yaani mofini, kodeini, tramadol, pethidini na fentanili, ni miongoni mwa zile ambazo mgongano wake ni mbaya kuliko mingi, kwa sababu zinagusa pumzi yenyewe. Kuitwa "cha asili" hakukiondolei kitu hatari hiyo. Anayekiuza, anayekinywa na anayemtibu mnywaji wanapaswa wote kukichukulia kama dawa: kitajwe, kiulizwe, kiandikwe.

Watetezi wa kauli ya majani wamejenga ukuta: huku mimea iliyo salama, kule kemikali za kiwandani. Ukuta huo haupo. Mofini yenyewe hutoka kwenye mmea. Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga kutoka katika afyuni, ambayo ni utomvu wa mpopi, mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre-Jean Robiquet akaipata kodeini humo humo. Kwinini, ambayo vizazi vya Waafrika viliijua kwa uchungu wake, ilitengwa kutoka magome ya mti wa sinkona mwaka 1820. Ikiwa kitu cha asili hakidhuru, basi mofini nayo haidhuru, na hakuna muuza majani hata mmoja atakayethubutu kusema hivyo. Kilichomo ndani ya mmea, kiasi chake, na kile kinachokutana nacho mwilini ndivyo vinavyoamua.

Kameruni ilitoa funzo ambalo lingepaswa kujulikana na kila muuza mizizi. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameikuta tramadol ndani ya mizizi ya Nauclea latifolia, mti unaotumiwa na waganga wa kienyeji kutuliza maumivu. Tramadol ni dawa iliyotengenezwa Ujerumani na kuingia sokoni huko mwaka 1977. Sasa ilionekana kwamba msitu ulikuwa nayo siku zote. Mwaka uliofuata Michael Spiteller wa Dortmund na wenzake wakachunguza upya, wakaeleza jambo jingine kabisa. Wakulima wa kaskazini mwa Kameruni walikuwa wakimeza vidonge vya tramadol na kuwapa ng'ombe wao pia, ili wahimili kazi chini ya jua kali. Dawa ikatoka kwa mkojo na kinyesi, ikaingia udongoni na majini, mizizi ikainyonya. Mabishano yaliendelea, na vipimo vya kaboni vilivyofuata vikaunga mkono maelezo hayo: ilikuwa tramadol ya kiwandani. Hebu fikiria mtu wa eneo lile aliyechemsha mizizi hiyo kwa imani kwamba anaepuka kemikali, huku vidonge vimo mfukoni. Alikuwa anaongeza dawa ile ile juu ya dawa ile ile, kwa kipimo asichokijua yeye wala mganga wake.

Hatari ya kawaida zaidi, hata hivyo, haihitaji mizizi yenye tramadol. Inatokea ndani ya ini.

Kodeini na tramadol hazitulizi maumivu vizuri zikiwa kama zilivyomezwa. Ini hutumia kimeng'enya ambacho wanasayansi wamekipa jina la CYP2D6 kuigeuza kodeini iwe mofini, na kuigeuza tramadol iwe umbo lenye nguvu kubwa zaidi dhidi ya maumivu. Binadamu hawakugawiwa kimeng'enya hiki kwa usawa. Wapo ambao hakifanyi kazi kabisa, na wapo ambao kinafanya kazi kupita kiasi. Uchunguzi uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1996 uliwakuta hao wa pili kwa wingi. Mtu wa namna hiyo akimeza kodeini, mofini huweza kujaa mwilini mwake ghafla. Ndiyo sababu Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe kodeini kabisa, wala tramadol kwa ajili ya maumivu.

Sasa iingize habbatsoda. Muyinga ni mji wenye jamii kubwa ya Waislamu na wazungumzaji wa Kiswahili, na huko, kama ilivyo Kigoma, Mombasa au Zanzibar, mbegu hiyo nyeusi inaheshimiwa kwa sababu za dini na za mazoea. Hakuna sababu ya kuidharau. Lakini watafiti wa Riyadh, Saudi Arabia, nchi ambayo haiwezi kushukiwa kuichukia habbatsoda, walichapisha mwaka 2010 utafiti mdogo ambamo watu wenye afya njema waliitumia pamoja na dawa ya kikohozi inayovunjwavunjwa na CYP2D6. Habbatsoda ilikizuia kimeng'enya hicho. Dawa waliyoipima haikuwa kodeini wala tramadol, na watu waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo haifai kukuza mambo. Lakini mlango ulioonekana kufungwa ni ule ule ambao kodeini na tramadol hupitia.

Tuseme mkulima wa kahawa wa pembezoni mwa Muyinga amevunjika mguu. Ameandikiwa tramadol, na kila asubuhi familia inampa vijiko vya mafuta ya habbatsoda ili mfupa uunge haraka. Ikiwa ini lake limezuiwa, dawa haigeuki kuwa lile umbo lenye nguvu, na maumivu hayapungui. Atafanya nini? Atameza kidonge cha pili, kisha cha tatu. Tramadol ambayo haikugeuzwa haipotei. Inabaki kwenye damu, na ina kazi nyingine isiyohusiana na afyuni: inaiongeza serotonini kwenye ubongo. Ikizidi, mtu hutetemeka, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, na anaweza kushikwa na degedege hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 50 hadi 100 kwa mara moja, na jumla isizidi miligramu 400 kwa siku. Mkulima huyu anaupita mpaka huo akiamini kwamba anatafuta nafuu, na degedege likimshika, nyumba nzima itasema amerogwa au dawa ya hospitali ni mbovu. Kijiko cha mafuta hakitatajwa.

Mgongano huo una sura nyingine ambazo zimepimwa kwa uhakika zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Finland walichapisha matokeo kuhusu oksikodoni, dawa ya jamii ya mofini. Kwa waliopewa mmea uitwao Hypericum perforatum, unaouzwa duniani kote katika vidonge vya "kuondoa huzuni", kiasi cha oksikodoni kilichofika kwenye damu kilishuka kwa takribani nusu. Kwa waliopewa maji ya balungi, dawa ile ile ilipanda kwa takribani mara 1.7. Mmea mmoja uliinyima dawa nguvu, tunda moja likaizidisha. Fentanili, inayotumika vyumba vya upasuaji, huvunjwa na ini kwa njia kuu ile ile inayoivunja oksikodoni. Na Hypericum ikikutana na tramadol, vyote viwili huivuta serotonini upande mmoja, ndiyo maana baadhi ya karatasi za maelezo ya tramadol huutaja mmea huo kwa jina.

Kisha kuna pombe. Baadhi ya dawa za chupa hulowekwa kwenye pombe ili mizizi itoe nguvu zake, na baadhi ya wagonjwa huzisindikiza kwa urwarwa, ile pombe ya ndizi isiyokosekana kwenye sherehe za Burundi. Makopo mengine huahidi usingizi mzuri kwa mimea inayolegeza fahamu. Dawa za jamii ya afyuni hupunguza kasi ya kupumua. Pombe nayo huipunguza, na kila kinacholewesha au kulaza kinaongeza uzito upande huo huo. Mgonjwa haamki akapiga kelele kwamba anaumia. Analala, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo inabadilika rangi, na watu wa nyumbani wanafurahi kwamba hatimaye amepata usingizi.

Hoja ya kwanza ya upande wa pili ni ya wazee: mababu walitumia mimea hii kwa vizazi, na hawakudhurika. Hoja hii inastahili heshima, kwa kuwa ujuzi wa mimea ya dawa kama umubirizi na umuravumba milimani Burundi ni ujuzi wa kweli, uliolipiwa kwa kujaribu na kukosea. Lakini mababu hao hawakuwahi kuchanganya umubirizi na tramadol, kwa sababu tramadol haikuwapo. Walichojua ni jani likiwa peke yake, kwa kipimo cha kiganja, mikononi mwa mtu aliyelichuma mwenyewe. Hawakuachia urithi wowote kuhusu kinachotokea jani hilo, likiwa limekaushwa, limesagwa na kushindiliwa kwenye vidonge, linapoingia katika mwili wenye mofini. Anayewataja mababu kuwa mashahidi wa usalama wa mchanganyiko huo anawasingizia jambo wasiloliona.

Hoja ya pili inasema kopo halina kemikali. Hii ni rahisi kuipima, na ilipopimwa ilianguka. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulipitia maonyo ya FDA ya kuanzia 2007 hadi 2016 na kuhesabu bidhaa 776 za dawa lishe zilizokuwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani yake. Nyingi ziliuzwa kwa ahadi ya nguvu za kiume au kupunguza unene. Miongoni mwa zilizofichwa ilikuwamo sibutramini, dawa ya kupunguza unene iliyoondolewa soko la Marekani Oktoba 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu. Sibutramini nayo huipandisha serotonini. Mtu anayemeza kopo la namna hiyo pamoja na tramadol amejiweka kwenye hatari asiyoijua, na daktari wake hana njia ya kuigundua kwa kusoma karatasi ya kopo. Ikiwa hayo yametokea katika nchi yenye maabara na wakaguzi wengi, hakuna msingi wa kuamini kwamba makopo yanayopitishwa njia za panya kwenda Muyinga ni safi zaidi.

Hata mmea usiochanganywa na kitu unaweza kukosewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels iliwapa wanawake vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu ya figo. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, wengi wao wakaishia kwenye mashine za kusafisha damu au kupandikizwa figo za wengine. Kisa hiki kinahusu mofini moja kwa moja. Mwili huivunja mofini na kuyatoa mabaki yake kupitia figo, na baadhi ya mabaki hayo bado yana nguvu ya mofini. Figo zikichoka, yanarundikana. Mgonjwa wa saratani ambaye kipimo chake cha mofini kilikuwa sahihi mwezi uliopita anaweza kuzidiwa na kipimo kile kile mwezi huu, bila mtu yeyote kukosea kuhesabu matone.

Hoja ya tatu ndiyo inayorudiwa zaidi na watu waliosoma: mbona hatusikii watu wakifa kwa mchanganyiko huo? Jibu ni kwamba husikii kile usichokiuliza. Mgonjwa wa saratani akifariki usingizini, familia husema ugonjwa umemchukua. Mzee aliyetoka upasuaji akianguka na degedege, daftari lake litaonyesha degedege, basi. Programu ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani ya kufuatilia madhara ya dawa ilianza mwaka 1968, baada ya msiba wa thalidomidi, dawa iliyoaminika kuwa salama kwa wajawazito hadi watoto walipozaliwa wakiwa na viungo pungufu. Programu hiyo haina macho mengine isipokuwa ya muuguzi aliyeuliza na kuandika. Pasipo swali, takwimu sifuri haithibitishi usalama.

Lakini wapo wanaoikataa kauli ya majani kwa namna inayodhuru vile vile. Hao husema: basi acheni kabisa dawa hizi za afyuni, ni za kulevya, mgonjwa avumilie. Wanapaswa kupingwa kwa sauti ile ile. Tume ya jarida la Lancet kuhusu maumivu na huduma ya kupunguza mateso, iliyotoa ripoti yake mwaka 2017, ilikuta kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini, kundi ambamo Burundi imo, zilipata tani 0.1 tu. Mtu wa Gitega mwenye saratani ya mifupa hateswi na wingi wa mofini. Anateswa na ukosefu wake. Uganda imeonyesha kwamba njia ipo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini ya maji, ya kunywa, yenye bei nafuu, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo iliruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Kumtisha mgonjwa aikimbie dawa hiyo na kurudi kwenye chupa ya mizizi ni ukatili.

Wala si kila mmea ni adui wa mofini. Mofini hufunga choo, na kwa wagonjwa wengi hilo ni teso la kila siku. Wataalamu wa huduma ya kupunguza mateso huandika sanamaki, mmea unaojulikana tangu zamani, uende sambamba na mofini. Hapo jani na dawa vimekutana kwa faida, kwa kuwa mtu anayejua vyote viwili amevipima pamoja. Lakini mgonjwa huyo huyo akishauriwa sokoni atumie unga wa nyuzinyuzi unaovimba tumboni, naye hanywi maji ya kutosha, choo kinaweza kuziba kabisa. Kwa macho ya muuzaji vyote viwili ni "dawa ya asili ya choo". Kimoja kinaokoa na kingine kinaweza kumpeleka mgonjwa kwenye upasuaji, na kauli ya "ni majani tu" haina uwezo wa kuvitofautisha.

Ndiyo maana suluhisho haliwezi kuwa kupiga marufuku. Marufuku huwafundisha wagonjwa kuficha, na mgonjwa anayeficha ndiye aliye hatarini zaidi. Kinachotakiwa ni swali moja liwe la lazima pale dawa ya maumivu makali inapotolewa, hospitalini Gitega, kwenye kituo cha afya cha mlimani au dirishani mwa duka la dawa Muyinga: kuna kitu kingine unachokunywa, kunusa au kujipaka, cha sokoni, cha mganga au cha msikitini na kanisani? Liulizwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili, bila kununa wala kukejeli, maana mgonjwa aliyewahi kukaripiwa kwa sababu ya habbatsoda hataitaja tena. Jibu liandikwe kwenye daftari lake, kando ya jina la dawa.

ABREMA, mamlaka inayosimamia dawa na vyakula Burundi, inabeba vyote viwili kwenye jina lake, kwa hiyo kisingizio cha "hiki ni chakula, si dawa" hakiwezi kulitoa kopo nje ya himaya yake. Inapaswa kudai kwamba kila bidhaa inayouzwa kwa ahadi ya kutibu iandikwe onyo kwa watumiaji wa dawa za maumivu, katika lugha wanazosoma wanunuzi wa Burundi, na kopo linalotangaza "halina madhara yoyote" liondolewe mezani hadi mwenye nalo athibitishe. Redio, ambayo wauzaji huitumia kujitangaza, itoe muda ule ule kwa mfamasia. Maimamu na mapadri ambao waumini huwaamini kuliko bango lolote wanaweza kusema jambo rahisi: kumwambia daktari kila unachokunywa hakupunguzi imani.

Na kwa familia yenye mgonjwa anayetumia dawa hizi usiku huu, mambo ni machache na yanaeleweka. Asiongezewe kitu kipya bila kuulizia. Kipimo kisipandishwe nyumbani kwa sababu maumivu hayapungui; arudishwe kwa aliyemwandikia. Pombe isiguswe, hata ile iliyomo ndani ya dawa ya chupa. Akilala na kushindwa kuamshwa, akipumua polepole kwa vituo, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, au akitetemeka na kukakamaa, apelekwe hospitali mara moja, na anayempeleka abebe vidonge vyote, kopo na chupa, hata kile alichoambiwa ni majani tu. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kurudisha pumzi iliyozimwa na mofini, lakini kwa aliyezidiwa na tramadol haizuii degedege, na huenda ikaliongeza. Daktari hawezi kuchagua matibabu sahihi ikiwa nusu ya alichomeza mgonjwa imebaki nyumbani kwenye kabati.